Mzee Aliyeniita Mwizi Katika Stendi ya Mafinga

Watu wa Mafinga hawahitaji kuelezwa baridi ya mwezi wa saba. Kwa wasomaji wa Pwani nitasema tu kwamba ni mwezi ambao mtu huvaa sweta juu ya sweta, akaongeza koti la mtumba, kisha akasogea karibu na jiko la mkaa la muuza chai kana kwamba amekuja kunywa chai, kumbe amekuja kuota moto. Asubuhi ile ya Jumatatu nilikuwa mmoja wa watu hao. Nilikuwa nasubiri kosta ya kwenda Iringa, safari ya kilomita 80 hivi, nikiwa nimekumbatia faili la hesabu za kiwanda cha mbao ambako nafanya kazi ya ukarani. Akili yangu yote ilikuwa ndani ya faili hilo, kwa sababu kulikuwa na malori mawili ya mbao ambayo kwenye hati za kuondokea yalionekana yametoka, lakini kwenye daftari la malipo hayakuwepo, na mimi ndiye niliyeitwa kwenda kueleza.

Mzee alitokea upande wanakoegesha bodaboda, akitembea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: hatua moja ndefu, kisha kusita, kisha hatua mbili za haraka kwenda pembeni. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 70. Alivaa koti zito la kijivu ambalo vifungo vyake vyote vilikuwa wazi, na begani alining'iniza mkoba wa kitambaa. Wapiga debe walimwona kabla yangu. Mmoja alimwuliza, kwa sauti ya kusikika stendi nzima, kama bibi amemfungia mlango usiku. Mwingine akasema, "Mwacheni huyo, kakesha kwenye ulanzi," na watu wakacheka. Mzee alijaribu kuwajibu, lakini maneno yalitoka mazito na yameshikana, na hilo likawazidishia kicheko.

Mimi sikucheka, ila niligeuza uso. Naliandika hili makusudi, kwa sababu watu niliowasimulia mkasa huu baadaye wamekuwa wakinisifu kana kwamba nilimkimbilia yule mzee tangu nilipomwona, na si kweli. Nimelelewa katika nyumba ya mzee wa kanisa ambaye hakuwahi kuonja pombe, na tabia ya kumkwepa mlevi ni ya kwanza kunijia, kabla hata sijafikiri. Nilirudi kwenye malori yangu mawili.

Kilichonirudisha kwake ni kola ya shati. Mzee alipofika karibu na jiko aliinama kushika ukingo wa benchi, na nikaona kwamba kola ya shati lake jeupe ilikuwa imelowa mpaka imebadilika rangi, na kwamba matone yalikuwa yanamtiririka nyuma ya sikio na kuingia shingoni. Jasho, mwezi wa saba, Mafinga, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati sisi wengine tulikuwa tunatoa moshi mdomoni kila tukisema neno. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, si kwa mtetemo wa baridi, bali kwa ule mtetemo mdogo wa haraka ambao nilikuwa sijauona kwa miaka 11.

Halafu, huo ulanzi. Kwa wasioujua, ulanzi ni pombe inayogemwa kwenye mianzi: chipukizi hukatwa ncha, utomvu ukadondokea kwenye chombo, na ukinywewa mapema ni mtamu kama maji ya sukari, lakini ukikaa unachachuka na kumwangusha mtu. Msimu wake ni wakati wa mvua. Mwezi wa saba milanzi imeshapumzika, na kila kijana aliyekuwa pale stendi, akiwa amezaliwa huku, alikuwa anajua hivyo. Sitaki kuwa mkali mno kwa vijana wale, kwa sababu mtu anaweza kulewa pombe nyingine, lakini nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile jinsi kichekesho kilivyo rahisi kuaminika kuliko kalenda.

Nilimsogelea na kumwamkia. Hakuitikia shikamoo yangu, jambo ambalo kwa mzee wa Kihehe wa umri ule lingetosha peke yake kunitia wasiwasi. Nilimwuliza kama ana ugonjwa wa kisukari. Akanitazama kama mtu anayetazama ukuta. Ndipo nilipofanya kosa. Nikiwa na haraka ya kujua, niliingiza mkono kwenye mkoba wake kutafuta dawa au kadi ya kliniki, na mzee, ambaye dakika moja kabla alikuwa hawezi kutamka sentensi, aliunyakua mkoba kwa nguvu ya ajabu na kupiga kelele neno moja lililotoka wazi kabisa: "Mwizi!"

Neno hilo stendi si la kuchezea. Kila mmoja wetu amewahi kusikia habari ya mtu aliyeitiwa mwizi akafikishwa hospitali, au asifikishwe kabisa, na baadaye ikabainika kwamba hakuiba. Wapiga debe walewale waliokuwa wanamcheka mzee waligeuka kunitazama mimi, na mmoja akauliza, sasa bila utani wowote, "Dada, unatafuta nini kwenye begi la mzee?" Mzee alirudia neno lile, na akalirudia tena. Nilisikia miguu yangu ikilegea.

Aliyeniokoa ni mama muuza chai. Sikuwa namfahamu kwa jina, wala yeye hakunifahamu. Nilikuwa nimenunua chai yake mara tatu au nne kwa mwaka mzima. Alisimama kutoka kwenye kigoda chake, mwiko mkononi, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "Huyu ni karani wa kiwandani, namjua. Tokeni hapo." Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, "Anaumwa nini?" Nikamwambia nadhani sukari imemshuka. Hakuniuliza sukari imeshukaje. Aliuliza tu, "Tumpe nini?"

Vibanda vya soda vilikuwa bado havijafunguliwa, na chai yake ilikuwa inachemka, haiwezi kunyweka kwa haraka. Tulichukua glasi ya maji ya kawaida, naye akafungua kopo lake la sukari. Nilihesabu vijiko vinne vya chai. Muuguzi aliyetufundisha nyumbani alitwambia gramu 15 hadi 20 za sukari, na kwamba tusihangaike na mizani, vijiko vinne vinatosha. Mama alikoroga mpaka maji yakawa na ukungu, lakini sukari nyingine ilikataa kuyeyuka kwa ule ubaridi, ikabaki chini ya glasi kama mchanga wa mtoni. Nilishika glasi, yeye akashika kichwa cha mzee kwa kiganja kipana chenye unga wa maandazi, na akawa anamwambia kwa Kihehe maneno ambayo mimi, Mbena, niliyaelewa nusu tu. Kwa mama alikunywa. Mimi alikuwa bado ananitazama kwa jicho la mtu aliyeibiwa.

Niseme hapa jambo la manufaa, nisije nikalisahau. Sikuwa na mashine ya kupimia sukari, kwa hiyo nilikuwa nabahatisha, na nilijua hivyo. Lakini muuguzi yule alikuwa ametufafanulia vizuri kwamba kama mgonjwa yuko macho na anaweza kumeza, apewe kitu cha sukari bila kusubiri kipimo, kwa sababu kama sukari yake ilikuwa juu, glasi moja haitabadilisha mengi, ila kama iko chini, kusubiri kunaweza kumuua. Asiyeweza kumeza, aliyezimia au anayepapatika kwa degedege, haruhusiwi kumiminiwa chochote mdomoni, maana kitaingia mapafuni. Huyo alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali. Na hata kama kweli mtu amelewa, maji ya sukari hayamdhuru. Tena mtu anaweza kuwa amekunywa pombe na sukari ikamshuka kwa wakati uleule, kwa sababu pombe yenyewe inalizuia ini kutoa sukari.

Baada ya hapo ni kusubiri dakika 15. Kosta yangu ilijaa, konda akaniita mara mbili, ikaondoka. Tulikuwa tumemkalisha mzee kwenye benchi, mgongo wake ukiegemea kiroba cha mkaa, na mimi nilikuwa natazama mikono yake. Mtetemo ulitulia kwanza kwenye vidole vya mwisho. Kisha jasho likakauka. Kisha akaanza kusikia baridi, akatafuta vifungo vya koti na kuvifunga kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu, kwa utaratibu wa mtu nadhifu, na alipofika cha juu aliinua macho na kutuona. Mama akamwambia, "Kamwene." Akaitikia. Halafu akauliza kama kosta ya Iringa imeshapita.

Historia yake ilikuwa fupi. Alikuwa ametokea upande wa Igowole, ametoka nyumbani usiku wa manane ili awahi kliniki mjini Iringa, na alikuwa ameambiwa afike bila kula kwa ajili ya vipimo. Hakula. Lakini hakuna aliyemwambia, au aliambiwa na hakuelewa, kwamba siku ya kufunga namna hiyo ni lazima kuuliza kwanza kuhusu dawa. Kwa hiyo aliamka, akameza kidonge chake cha glibenklamidi kama alivyokuwa akimeza kila alfajiri, na akaanza safari ya baridi na tumbo tupu. Kidonge hicho huliamuru kongosho litoe insulini hata kama hakuna chakula, na kazi yake hudumu kwa saa nyingi. Ndiyo maana sikukubali aliposema kwamba sasa ni mzima. Mama alimpa chapati mbili na maharage, akazimaliza, na nilimwambia tutapanda kosta moja, kwa sababu kwa dawa ile sukari inaweza kupanda ikashuka tena njiani, na watu wa ndani ya kosta wakadhani abiria amelala.

Wakati anakula aliniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Nimesema nini?" Nilimjibu kwamba hakusema kitu. Mama muuza chai, ambaye ni mkweli kuliko mimi, alicheka na kusema, "Umemwita mwizi, tena mara tatu." Mzee aliweka chapati chini. Alivua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili, akaniambia, "Mwanangu, nisamehe. Sikuwepo."

Neno hilo la mwisho, sikuwepo, limenifanya niandike haya yote.

Baba yangu alikuwa fundi wa TAZARA pale Makambako, na alianza kujichoma insulini nikiwa na miaka 9. Kichupa chake alikihifadhi kwenye mtungi wa maji uliokaa kwenye kona ya jikoni, kwani jokofu hatukuwa nalo. Jioni alijichoma, kisha akasubiri chakula, na mara nyingi chakula hakikuja kwa wakati, kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, au kwa sababu alikuwa ameitwa stesheni. Treni zinazotembea kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi hazikujali saa ya baba ya kula. Hivyo zikawepo jioni ambazo baba, mtu mpole, mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza sala kwa sauti ambayo hata kuku walinyamaza, aligeuka kuwa mtu mwingine. Alirusha vitu. Alitukana. Tukadhani ndiyo hasira yake, na majirani wakadhani anakunywa kwa siri.

Nikiwa na miaka 12, mbele ya wageni wawili wa mama, baba alinikamata mkono na kuniambia kwamba nimemwibia shilingi mia mbili kwenye mfuko wa koti. Aliniita mwizi. Sikuwa nimegusa koti lake. Alipokula na kutulia, alinituma nikamletee maji ya kunawa kana kwamba hakuna lililotokea, na kwake kweli halikuwa limetokea, kwa sababu hakukumbuka, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Miaka miwili baadaye muuguzi mmoja alikuja nyumbani, akatukalisha watoto wote wanne kwenye mkeka na kutuonyesha kwa kutumia kijiko na kikombe nini cha kufanya. Alituigiza sauti ya mtu ambaye sukari imemshuka, nasi tukacheka, kisha tukaacha kucheka kwa sababu ilikuwa sauti ya baba. Tangu hapo nilijua. Lakini nilijua kama mtu anavyoijua njia aliyoelekezwa kwa mdomo bila kuipita. Baba alifariki miaka 11 iliyopita, na kwenye mazishi yake, katikati ya kilio cha kweli, nilikuwa bado na zile shilingi mia mbili moyoni.

Kwa hiyo mzee wa Igowole aliponiita mwizi, nilitetemeka kwa hofu ya vijana wa stendi, ila sikumkasirikia yeye hata kidogo. Nililitambua jambo hilo baadaye, ndani ya kosta, tulipokuwa tumepita Ifunda. Nilikuwa nimelisikia neno lilelile, kwa sauti ileile nzito, kutoka kwenye uso uleule unaotoka jasho, na nilichofikiria ni vijiko vinne tu. Nikamwuliza mzee, bila kumweleza kisa, kama mtu katika hali ile husikia anachosema. Alifikiri kwa muda mrefu, mpaka nikadhani hakunisikia. Akasema ni kama kuwa ndani ya kisima: mtu anaona midomo ya watu juu inacheza, anaona wanataka kumnyang'anya kamba, na anaishika kamba kwa nguvu zake zote.

Nimezoea kusoma kwamba anayesaidia hupata furaha ya kusaidia. Huenda ni kweli, ila shukrani niliyoshuka nayo kwenye kosta haikuwa hiyo. Nilimshukuru muuguzi ambaye aliacha foleni yake akaja kutufundisha watoto kwenye mkeka, wakati angeweza kumwandikia baba karatasi akaishia hapo. Nilimshukuru mama muuza chai, ambaye alisema uongo mdogo kwamba ananijua, na ambaye alikataa malipo ya sukari akapokea ya chapati peke yake, akisema sukari ilikuwa ni ya kuokoa na haina bei. Na nilimshukuru mzee kwa kuvua kofia ile. Baba hakuwahi kupata nafasi ya kuuliza, "Nimesema nini?" Angeuliza, naamini naye angeshika kofia.

Kwenye kadi ya kliniki ya mzee palikuwa na namba ya simu ya binti yake, nami nilikuwa nimempigia tangu Mafinga. Alitusubiri Ipogolo, pale chini kabla ya kupanda mlima wa mjini, akiwa na mtoto mgongoni na chupa ya uji mkononi. Tuliagana haraka, kwa sababu konda alikuwa na haraka zake, na wakaingia kwenye bajaji kuelekea hospitali, ambako nilikuwa nimemsisitizia binti amweleze daktari kuhusu kidonge, saa kilipomezwa na kilichotokea.

Nilifika ofisini saa tatu na nusu, nimechelewa kwa saa moja na nusu, na nilipoketi mbele ya mhasibu mkuu nikaona mikono yangu ni mitupu. Faili halikuwepo. Nilikuwa nimempa mzee alishike wakati nalipa nauli, naye alilipakata safari nzima. Sitaeleza maneno niliyoambiwa asubuhi ile; yalikuwa makali, na yalikuwa ya haki, na la kushangaza ni kwamba niliyasikiliza nikiwa nimetulia kama mtu anayesikiliza mvua.

Saa nane mchana simu yangu iliita. Alikuwa binti wa mzee. Alisema baba yake amepimwa, amewekewa dripu, na daktari amembadilishia dawa, na kwamba anaendelea vizuri isipokuwa anasumbua wauguzi kwa kuongea. Kisha akasita kidogo, nikasikia sauti ya mzee nyuma yake ikimhimiza.

"Dada," akasema, "baba anasema nikwambie hivi: mwizi amekamatwa, na faili lako analo."